Kumfuata mbasa hadi mdomoni mwa mto Lufilyo

Alhamisi, Iringa hadi Uyole

Basi limetoka stendi ya Igumbilo kukiwa bado na ukungu. Naelekea Matema kwa ajili ya samaki mmoja, mbasa wa Ziwa Nyasa, yule ambaye upande wa Malawi wanamwita mpasa. Nimekuwa nikimvua kwa ndoana tangu ujanani, kila niendapo kwa mjomba wangu Ipinda. Zamani ukikutana na mvuvi mwingine wa mshipi mchangani, alikuwa mtoto wa kijiji au mwalimu wa shule ya jirani. Sasa nakuta magari kutoka Mbeya, Iringa, hata Dar es Salaam. Mtu anapiga picha na samaki wake, picha inazunguka kwenye makundi ya simu, na wiki inayofuata wenzake wanamfuata mahali pale pale. Nataka kujua nani anatuhesabu sisi tusio na mtumbwi wala nyavu, na kama tunaweza kuwekewa kanuni itakayofuatwa kweli.

Kutoka Mafinga hadi Makambako nimesoma habari za besi milia, samaki wa pwani ya mashariki ya Marekani, mwenye mistari myeusi ubavuni. Maisha yake yanakaribia sana ya mbasa. Anakulia kwenye maji mapana, kisha anapanda mito kwenda kutaga. Wengi huzaliwa kwenye mito inayoingia ghuba ya Chesapeake, wengine mto Hudson na mto Delaware. Njia zake zinajulikana na msimu wake unajulikana, kwa hiyo anavuliwa pale pale anapojikusanya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alianza kutoweka. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilitunga sheria kwa ajili yake peke yake, na mwaka 1985 jimbo la Maryland likazuia kabisa kumvua, zuio lililodumu hadi 1990. Akaongezeka. Mwaka 1995 ikatangazwa kwamba amerudi katika hali nzuri.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nisome hadi simu ikaisha chaji. Siku hizi wanaommaliza besi milia kwa sehemu kubwa ni watu wa mshipi, wanaovua kwa burudani. Wenye nyavu wana mgawo wao, unapimwa kwa uzito, na ukiisha umeisha. Mtu wa mshipi hana mgawo. Anachukua samaki mmoja, anakwenda zake, na watu kama yeye ni wengi mno. Tathmini iliyotoka 2019 ilionyesha kwamba samaki amepungua tena kupita kiasi, na kuanzia 2020 ikawekwa kanuni yenye kikomo cha chini na cha juu: kwa wanaovua baharini, samaki mmoja kwa siku, mwenye urefu wa kati ya inchi 28 na 35, yaani takriban sentimita 71 hadi 89, ili majike makubwa yenye mayai mengi yaachwe. Kanuni hiyo imefikiriwa vizuri. Ila samaki waliozaliwa kwa wingi mwaka 2015 walikua pamoja, wakaingia kwenye kipimo hicho kwa pamoja, na mwaka 2022 waliobebwa nyumbani na watu wa mshipi walikaribia kuwa maradufu ya mwaka uliotangulia. Mei 2023 tume inayounganisha majimbo ya pwani hiyo ikalazimika kushusha kikomo cha juu hadi inchi 31, kwa dharura.

Nimeutazama mpunga wa Igurusi kupitia dirishani huku nikiliwaza hilo. Nchi inayotuma dodoso kwa posta majumbani na kuweka wahojaji gatini ili kukadiria watu wa mshipi wamevua nini, bado inajua ya mwaka huu mwaka ujao. Sisi hata dodoso hatuna.

Uyole tumefika jioni. Baridi kali.

Ijumaa, Uyole hadi Ipinda

Njia ya Tukuyu ilikuwa na mvua tangu Isyonje. Viazi vimepangwa kwenye ndoo kando ya barabara, mlima Rungwe haukuonekana kabisa.

Tukuyu nilikuwa na miadi na rafiki wa mjomba, mzee aliyestaafu kazi ya uvuvi baada ya kuhudumu katika maziwa kadhaa. Nilimwamkia, akaitikia, akaniagizia ndizi na maharage kabla sijafungua daftari. Nikamuuliza sheria inasemaje kuhusu mtu kama mimi.

“Sheria ipo, mwanangu,” alisema. “Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003, na Kanuni za 2009 zilizorekebishwa 2020. Hata uvuvi wa burudani umo. Lakini soma uone macho yake yanaelekea wapi.”

Akanieleza kwa mkono, akiweka chumvi upande mmoja wa meza na kijiko upande wa pili. Karibu kila kinachotekelezwa kinapita mahali pawili, kwenye chombo na kwenye mwalo, pale mitumbwi inapotua. Chombo kinaandikishwa na kupewa leseni. Nyavu zinapimwa macho, yaani matundu yake. Kokoro, nyavu ya kukokota hadi ufukweni, limepigwa marufuku, sumu na baruti vimepigwa marufuku. Samaki wanahesabiwa wanapotua mwaloni, na takwimu zote za ziwa zinaanzia hapo. Afisa uvuvi akishirikiana na BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wanaweza kumpata mwenye mtumbwi kwa sababu mtumbwi hauna budi kurudi.

“Wewe unatua wapi?” akaniuliza.

Situi popote. Nashuka kwenye gari, natembea mchangani, navua, naondoka. Samaki wangu hajawahi kuingia kwenye daftari la mtu yeyote. Na mzee aliongeza jambo ambalo nimeliandika nikalipigia mstari: katika maziwa aliyofanyia kazi, watu wa ndoana hawakuonekana kuwa tatizo kwa sababu walikuwa wachache na walivua samaki wa kila mahali. Mbasa hayuko kila mahali. Anatawanyika ziwani akiwafuata usipa, wale samaki wadogo kama dagaa, lakini mvua zikikolea anakusanyika kwenye midomo ya mito michache, Kiwira, Mbaka, Lufilyo, Songwe, Ruhuhu, ili apande kutaga kwenye changarawe penye maji yanayokwenda. Kwa wiki hizo hata watu wachache wenye ndoana, wakisimama mahali sahihi, wanawakuta wazazi wa kizazi kizima wamepanga foleni.

Mchana nimeteremka. Masikio yanaziba kila kona, joto linapanda, chai inaisha, zinaanza kokoa zilizoanikwa kwenye mikeka na mashamba ya mpunga yenye maji. Ziwa liko mita 470 na ushei tu juu ya usawa wa bahari, na ukitoka baridi ya Uyole mwili unahisi kila mita uliyoshuka. Mjomba alinisubiri Ipinda kwa bodaboda mbili.

Jumamosi, Matema

Soko la Lyulilo limejaa vyungu. Wakina mama wa Kikisi wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, kwa sababu milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja ndani ya maji upande huo. Nimenunua kimoja cha kupikia maharage, kwa mama yangu.

Kwenye samaki, usipa walikuwa wengi, wakavu na wabichi. Mbasa walikuwa wachache, na mmoja alikuwa mkubwa, wa fedha inayong'aa, tumbo limejaa. Mama aliyekuwa akimuuza alimpasua mbele yetu kwa mteja, na mayai yakatoka mkono mzima.

“Shikamoo mama. Wa mayai wana bei zaidi?”

“Marahaba. Ndiyo, mwanangu. Wateja wanamtaka wa mayai.”

“Amevuliwa kwa nyavu?”

“Huyu ni wa ndoana. Nimemnunua kwa vijana asubuhi, pale mtoni.”

Basi hapo hapo mgawanyo wangu wa burudani na riziki ukaanza kunisumbua. Vijana wale nimewakuta baadaye, wanafunzi wa sekondari, wanavua Jumamosi kwa sababu wanapenda kuvua. Wanacheka, wanashindana, wanapiga picha. Samaki wadogo wanapeleka nyumbani, mkubwa wanauza wanunue madaftari. Wamarekani wameweza kuchora mstari kati ya mvuvi wa biashara na wa burudani kwa sababu kwao anayevua kwa burudani haruhusiwi kuuza. Ukiuchora mstari huo Matema, utawapitia watoto hawa katikati. Leseni ya burudani kwa mtoto anayepata mboga ya nyumbani kwa ndoana moja ni jambo nisiloweza kulitetea mbele ya mama yake, na sitalitetea popote. Wakati huo huo, jike lile la sokoni lilikuwa na mayai yote ambayo yangewekwa kwenye changarawe za Lufilyo wiki hii.

Jioni mwenyekiti wa BMU alitupokea chini ya mwembe. Ni mtu wa maneno machache, na ya kwanza yalikuwa malalamiko, ambayo naona ni ya haki.

“Mwaka jana tumekamata kokoro la ndugu yangu wa damu. Tumelichoma hapa, watu wote wanaona. Wiki hiyo hiyo wageni wamesimama mdomoni mwa mto na fimbo zao za kisasa, wanatoa mbasa mmoja baada ya mwingine. Ndugu yangu ananiuliza, hao mbona huwachomei? Nimjibu nini? Daftari langu lina mitumbwi. Mgeni hana mtumbwi.”

Nimekuja nikidhani shida kubwa ya watu wa mshipi ni idadi ya samaki tunaochukua. Naona sasa kuna shida nyingine inayoitangulia. Mwenye nyavu anatii kanuni kwa gharama kubwa, na utii wake unategemea kuona kwamba kila mtu aliye mbele ya maji yale anabanwa. Anapotuona tumesimama huru mahali alipokatazwa yeye, tunaharibu kazi ya BMU hata kama ndoo zetu ni tupu.

Jumapili

Mvua kutwa. Baada ya ibada hakuna aliyetoka.

Mjomba ana dawa yake ya tatizo: kila mtu avue, apige picha, amrudishe samaki majini. Wageni wengi wanaiona hiyo kuwa ndiyo tiba yote. Nilimsomea nilichoandika kuhusu besi milia. Wasimamizi wake hukadiria kwamba kati ya kila samaki 100 wanaorudishwa, 9 hufa, kwa ndoana kumezwa hadi tumboni, kwa kuchoka, kwa maji ya moto, kwa kushikwa muda mrefu. Tisa kwa mia ni wachache ukimfikiria mvuvi mmoja. Lakini samaki wanaorudishwa kule ni wengi sana kuliko wanaochukuliwa, kiasi kwamba kuna miaka ambayo waliokufa baada ya kurudishwa walikaribia au hata kuzidi idadi ya waliochukuliwa kwenda kuliwa. Ndiyo sababu tangu 2021 anayetumia chambo analazimika kutumia ndoana ya duara, ambayo hushika pembeni mwa mdomo badala ya kushuka tumboni.

“Kwa hiyo nisimrudishe?” mjomba akauliza.

“Umrudishe, mjomba, tena haraka, ndani ya maji, bila picha ndefu. Ila wakati wa kupanda usimguse kabisa. Jike lililochoshwa nusu saa kabla ya kutaga linaweza kuondoka likiogelea na lisifike kwenye changarawe.”

Alinyamaza kidogo, akasema basi tukaone wenyewe kesho kama mvua itakatika.

Jumatatu, mdomoni mwa Lufilyo

Imekatika alfajiri. Tumekwenda kwa mtumbwi tukiambaa ufukwe kuelekea magharibi, na kijana mwenye mtumbwi alikuwa mwangalifu, kwa sababu mdomoni mwa Lufilyo kuna mamba na viboko. Maji ya ziwa ni safi hadi unaona mchanga chini, halafu ghafla kuna mpaka, kama umekatwa kwa kisu: huku buluu, huku kahawia ya udongo wa Rungwe na Busokelo. Mbasa wanasubiri kwenye mpaka huo. Unawaona wakigeuka, mng'ao mmoja kisha mwingine.

Ndani ya eneo unaloweza kulizunguka kwa macho mara moja kulikuwa na haya. Nyavu ya makila, ile inayotegwa ikasimama majini na kunasa samaki mashavuni, imetegwa kuanzia ukingo wa magharibi, imekata zaidi ya nusu ya njia, maboya yake ni chupa za plastiki. Mchangani, upande wa mashariki, vijana wa Jumamosi na ndoana zao, ingawa ni siku ya shule. Mbele yao kidogo, wanaume wanne wenye fimbo na viti vya kukunja, mmoja namfahamu kwa sura kutoka Mbeya. Na sisi ndani ya mtumbwi. Kila mmoja ana maelezo yake, na samaki ana njia moja.

Tumeshuka kuongea na wale wanne. Walikuwa waungwana. Nikawauliza kama wana leseni. Mmoja alisema hakujua kwamba inahitajika kwa ndoana. Mwingine alisema angelipa leo hii kama kungekuwa na mtu wa kumlipa hapo mchangani, na namwamini. Walikuwa wameshawarudisha samaki kadhaa na kubaki na wawili. Nilipowaambia majike yako njiani kutaga, yule wa Mbeya aliukunja mshipi wake bila kubishana. Mwenzake aliendelea kuvua, akasema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba akiondoka yeye nyavu ile haitaondoka.

Hana makosa katika hilo. Na mwenye nyavu, tuliyemkuta akila kiporo chini ya mkuyu, alisema neno lile lile akielekeza kidole kwa wenye fimbo.

Tumekaa pale mpaka jua likawa kali. Nimeangalia na kupima kila kanuni niliyoisoma dhidi ya mahali penyewe. Kikomo cha urefu kinahitaji mtu wa kupima, na samaki anayepimwa ameshavuliwa. Kikomo cha idadi kinahitaji mtu wa kufungua ndoo, usiku pia, maana wengine wanavua usiku. Leseni inahitaji afisa, na afisa hawezi kukaa kwenye kila mdomo wa mto. Kanuni pekee ambayo mtu yeyote anaweza kuiona ikivunjwa, akiwa mbali, bila rula wala daftari, ni ya mahali na majira: kuanzia mti huu hadi jiwe lile, mto unapokuwa na udongo, hakuna mtu yeyote majini wala mchangani, awe na nyavu, awe na ndoana, awe mgeni, awe mtoto. Mtoto aende akavue Matema ufukweni, kuna samaki wengine huko. Mtu akionekana pale, amekosa. Mama anayefua anaweza kushuhudia. Malawi wana mto Bua, ambao sehemu yake inapita ndani ya hifadhi ya Nkhotakota, na mpasa wanapanda kutaga chini ya ulinzi huo. Sisi Lufilyo haina hifadhi, ina vijiji. Ulinzi wake utakuwa macho ya wanavijiji au hautakuwepo.

Sidhani hilo linatosha. Udongo ule wa kahawia nao unafunika changarawe ambazo mayai yanazihitaji, na unatoka kwenye mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni huko juu, kwa watu ambao hawajawahi kumwona mbasa akiwa hai. Na ziwa ni la nchi tatu. Lakini mdomo wa mto uko mikononi mwa watu ninaoweza kuwafikia kwa mguu.

Jumanne, mwaloni

Mwenyekiti aliitisha watu asubuhi, wengi kuliko nilivyotarajia. Nilipewa nafasi ya kueleza, nikaeleza kwa ufupi. Nikasema pia kwamba sisi wageni tuandikishwe mwaloni kabla ya kuvua popote Matema, tulipe ada itakayobaki BMU kulipia walinzi wa mto, na nje ya msimu wa kutaga tusizidishe mbasa mmoja kwa mtu kwa siku. Hilo halikupata upinzani. Afisa uvuvi atatakiwa kulipeleka wilayani ili ada iwe halali na yenye risiti. Bila risiti itageuka kuwa ya mfukoni mwa mtu ndani ya mwaka mmoja, na mzee mmoja alilisema hilo waziwazi mbele ya mwenyekiti.

Ubishi ulikuja kwenye kufunga mdomo wa mto. Mwenye nyavu wa jana alisimama.

“Wiki hizo ndizo ninazolipia ada za shule. Mgeni mkimfungia anarudi Mbeya kwenye kazi yake. Mimi mtanirudisha wapi?”

Hakuna aliyemjibu upesi. Mjomba alisema asogee kwenye usipa kwa msimu ule. Akajibu kwamba usipa wanataka taa na mtumbwi mkubwa, na hana. Mama mmoja akapendekeza ada ya wageni itoe kwanza mkopo wa taa kwa wale wenye nyavu za mdomoni, walinzi baadaye. Wengine wakasema walinzi kwanza. Mimi nasimama na mama yule. Ukimwondoa mtu mwaloni bila kumpa pa kwenda, atarudi usiku, na usiku hakuna shahidi.

Hatukumaliza. Mwenyekiti amenipa kazi ya kuwaleta wavuvi wa mshipi wa Mbeya na Iringa, waje wasikie wenyewe badala ya kusikia kupitia kwangu. Yule aliyekunja mshipi jana nimeshampigia simu na amekubali. Kikao kingine kitakuwa baada ya mpunga kuvunwa, na mwenye nyavu ameomba awe wa kwanza kuzungumza.